Tumpake swala dawa ya kupe? Jibu kwa mfugaji wa Kwa Mtoro

Swali: «Daktari, habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, upande wa pori la akiba la Swaga Swaga. Nina ng'ombe 40 na kidogo, wengi wa kienyeji na chotara wachache, pamoja na mbuzi. Mvua zilizopita nimepoteza ndama 6. Wanavimba tezi chini ya sikio, homa kali, wanahema kwa shida, mwisho povu linatoka puani. Nawachoma OTC (oksitetrasaikilini) lakini wapi. Dawa ya kupe tunapulizia na kupe hawaishi. Wazee wanasema wanaletwa na swala na tandala wanaokuja kunywa usiku kwenye lambo letu, na digidigi waliojaa vichakani. Kijana wangu amenionyesha video ya Marekani: wanaweka mahindi kwenye kihori, mnyama wa porini akija kula anajipaka mwenyewe dawa ya kupe shingoni. Fundi wa kuchomelea tunaye. Je, tutengeneze? Na hao kupe wa swala hawawezi kuwapa watoto wetu ule ugonjwa wa kupe unaosumbua Marekani?»

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Ndama 6 kwa msimu mmoja ni hasara itakayoonekana zizini mwako kwa miaka. Nianze na jibu lenyewe: kihori hicho msikitengeneze. Video si ya uongo. Chombo kipo, na kule kilikobuniwa kimepunguza kupe kweli. Ila kilifaulu kwa sababu ambazo kwenu hazipo, na ukizijua utaona kwamba mnyama wa kupakwa dawa mnaye tayari, tena analala ndani ya boma lako.

Chombo hicho kilibuniwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Kerrville, Texas, miaka ya 1990. Katikati kuna pipa la mahindi. Mahindi hushuka yenyewe kwenye vihori viwili vidogo, na kila kihori kimesimamishiwa roli mbili, zile zile za kupakia rangi ukutani, zilizoloweshwa dawa ya pemethrini ya asilimia 10. Nafasi ya kuingiza mdomo ni finyu, kwa hiyo mnyama hawezi kuyafikia mahindi bila kuinamisha kichwa na kusugua masikio, shingo na mabega kwenye roli. Akiondoka na kuanza kujiramba, dawa inaenea mwilini. Masikio, kichwa na shingo ndiko kupe wapevu wa mnyama huyo wanakong'ang'ania zaidi.

Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe. Si wa ukoo mmoja na kulungu wa vichaka vyetu, maana dume wake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Wamarekani walimlenga kwa sababu ya ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme katika jimbo la Connecticut, ambako katikati ya miaka ya 1970 watoto wengi walikutwa wamevimba viungo. Kijidudu kinachousababisha, Borrelia burgdorferi, kilitambuliwa mwaka 1982 na kikapewa jina la mtafiti Willy Burgdorfer. Sasa angalia hapa: kulungu hamwambukizi kupe ugonjwa huo. Anayemwambukiza zaidi ni panya wa msituni, ambaye kupe mchanga hunyonya damu yake. Kazi ya kulungu ni kumlisha kupe jike mpevu mlo wa mwisho kabla hajataga. Katika misitu ile iliyozunguka nyumba za watu, mnyama mkubwa wa kutosha kwa mlo huo karibu ni yeye tu. Ukimuua kupe jike juu ya kulungu, umeua na mayai yake.

Wamejaribu njia zaidi ya moja. Kwenye kisiwa cha Monhegan, jimbo la Maine, waliwaondoa kulungu wote mwishoni mwa miaka ya 1990, na kupe wale wakapungua hadi karibu kwisha. Kwa upande wa vihori, jaribio kubwa lilifanyika katika majimbo ya kaskazini-mashariki. Kufikia mwaka wa 6, kupe wachanga katika maeneo yenye vihori walikuwa pungufu kwa asilimia 71 kuliko katika maeneo yasiyo navyo. Ni kazi nzuri, lakini ilichukua miaka 6, na kwa msimu mzima kila mwaka lazima mtu apite kila wiki kujaza mahindi na kulowesha roli.

Turudi Kwa Mtoro. Kule wana kulungu wa aina moja, wa kimo kimoja, anayependa mahindi. Wewe una swala pala anayekula nyasi na majani, tandala anayekula majani ya miti, digidigi asiyefika hata gotini kwako, ngiri, sungura, na pengine nyati na pofu wanaopita. Roli iliyowekwa kwa kimo cha tandala haitamgusa digidigi. Tena digidigi hatafuti maji wala mahindi. Anapata unyevu wake kwenye majani na haondoki kwenye eneo lake. Hata Texas wamekutana na tatizo hili. Kule mpakani na Mexico wanapambana na kupe wa ng'ombe waliotokomezwa sehemu nyingine zote za nchi mwaka 1943, na kulungu wa pale hupewa mahindi yaliyochanganywa na dawa ya ivamektini. Lakini kuna mnyama mwingine pale, nilgai, swala mkubwa wa asili ya India, ambaye mahindi hayajali kabisa. Kwake ikabidi wabuni vipulizia vya kuweka pale anapopenya chini ya uzio.

Jambo la pili ni msimu, na kwangu hili ndilo linaloua wazo lote. Marekani waligundua kwamba mwaka ambao miti ya mwaloni imezaa sana, kulungu hula mbegu za mwaloni na kukipita kihori, na kupe wanapona. Dodoma tuna mvua za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Kupe kahawia wa masikio, yule anayeleta ndigana kali, ugonjwa ambao dalili za ndama wako zinauelekea, anakuwa mpevu na kuanza kuwinda wakati huo huo wa mvua. Na wakati huo kila kichaka kina majani mabichi na kila bonde lina maji. Swala gani ataacha majani mabichi aje kwenye mahindi makavu? Kihori kingetembelewa Septemba na Oktoba, na kingekaa bila mgeni Januari, wakati unakihitaji.

Na wageni wa Septemba utawajua. Wewe uko jirani na Swaga Swaga, tembo unawafahamu. Kuweka mahindi nje usiku katika nchi yenye tembo ni kuwaita kijijini, na nyuma yao watakuja nyani, ngiri na nungunungu. Watu wengine watafikiria kutumia mahindi yaliyoharibika ili wasipoteze chakula. Tafadhali, hapana. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa hapa Chemba na Kondoa, na mahindi yenye ukungu hayana usalama kwa mnyama yeyote, wa kufugwa au wa porini. Kuna pia hatari ya kuwakusanya wanyama midomo yao kwenye kihori kimoja. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamezuia kuwalisha kulungu kwa hofu ya ugonjwa wa kukondesha unaoshambulia ubongo wao. Sisi tuna sotoka ya mbuzi na kondoo, tuna kimeta, tuna ugonjwa wa miguu na midomo.

Sheria nayo isiachwe nyuma. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma na pori la akiba lipo chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kuwavuta kwa chakula na kuwapaka dawa si jambo ambalo mtu binafsi anajiamulia, hata kwa nia njema. Afrika Kusini wapo wanaowapaka dawa swala wakubwa kama palahala na korongo kwa vyombo vya namna hii, lakini ni ndani ya uzio, kwenye mashamba binafsi ya wanyamapori.

Sasa nikuonyeshe kitu cha kuchukua kutoka kwenye video ile. Wazo lao ni hili: mtafute mnyama anayewalisha kupe jike wengi kabla ya kutaga, muue kupe juu ya mnyama huyo. Kule ni kulungu. Kwa Mtoro ni nani? Ni ng'ombe.

Kupe kahawia anahitaji wanyama watatu maishani mwake. Akianguliwa ana miguu sita, mdogo kama punje ya vumbi. Anapanda mnyama, ananyonya, anaanguka, anajibadilisha. Akitoka ana miguu minane. Anapanda mnyama wa pili, ananyonya, anaanguka tena. Akishapevuka anapanda wa tatu, na jike akishiba damu kwa muda wa wiki moja hivi anaangukia nyasini na kutaga mayai zaidi ya 3,000, kisha anakufa. Watoto na vijana wa kupe hupanda sungura, digidigi, swala, mbuzi na ng'ombe pia. Wapevu hupenda wanyama wakubwa: ng'ombe, nyati, pofu, tandala. Kupe hachagui kwa jina. Anakaa kwenye ncha ya jani na kumdaka apitaye kwanza. Kama kwenye bonde lenu wanapita ng'ombe 300 mchana na tandala 5 usiku, hesabu mwenyewe kupe wengi wamepanda wapi.

Kwa hiyo wazee wamesema kweli nusu. Swala na tandala wanabeba kupe, hilo halina ubishi, na pembeni ya lambo wanaangusha baadhi. Lakini ng'ombe asiyeogeshwa, au aliyepuliziwa dawa hafifu, anaangusha wengi zaidi. Na vimelea vya ndigana kali, Theileria parva, havitoki kwa swala. Vinatunzwa na ng'ombe waliougua wakapona, na kwa upande wa wanyamapori, nyati. Kupe anavipata kwa kunyonya damu ya hao akiwa mchanga, na anavipeleka kwa ndama wako akishapanda ngazi inayofuata. Mtoto wa kupe anayetoka kwenye yai anakuwa safi. Hazaliwi na ugonjwa huo.

Laikipia, Kenya, watafiti wamelipima jambo hili kwa kukokota vitambaa nyasini na kuhesabu kupe wanaong'ang'ania. Mahali ambapo ng'ombe wanaoogeshwa vizuri wanachunga pamoja na wanyamapori walikuta kupe wachache kuliko mahali penye wanyamapori peke yao. Ng'ombe mwenye dawa mwilini ni mtego unaotembea: kupe aliyeangushwa na tandala usiku anampanda ng'ombe wako mchana na kufa. Huna haja ya kumfukuza tandala. Unahitaji ng'ombe wako, na wa jirani zako, wawe na dawa ya kweli mwilini kila wakati kupe wapo.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu umesema mnapulizia na kupe hawaishi. Kwenye mabomba ya mgongoni nimeona mara nyingi bomba moja la lita 16 likimaliza ng'ombe 30. Hiyo ni nusu lita kwa kila mmoja. Ng'ombe mzima anahitaji si chini ya lita 5, na mkubwa hadi 10, ili dawa ipenye manyoya na kufika kwenye ngozi mwili mzima. Ukimlowesha mgongo tu umewapa kupe waliobaki nafasi ya kuizoea dawa, na baada ya misimu kadhaa unalea kupe sugu kwa fedha yako. Pulizia kutoka chini kwenda juu, kinyume cha manyoya. Inua mkia na upulizie chini yake. Kwapa, kiwele, mapumbu, katikati ya kwato, na lile fundo la nywele la mwisho wa mkia, vyote vilowe. Kisha masikio. Kupe kahawia anajificha ndani ya sikio, na maji ya bomba hayaingii mle yenyewe. Vaa glovu, kunja sikio nje ndani, pitisha kitambaa kilicholoweshwa dawa hiyo hiyo iliyokwisha kuchanganywa. Asubuhi kabla ya kufungua zizi, kamata ndama watatu na ukunje masikio yao kwenye mwanga. Ukikuta kupe wamejipanga ukingoni mwa sikio kama punje za ulezi, wengine wamevimba rangi ya kijivu, siku 3 baada ya kupulizia, basi dawa haikufanya kazi.

Isipofanya kazi, shaka ya kwanza ni mchanganyiko wako: umepima kwa kifuniko au kwa kukadiria? Maji yalikuwa ya tope? Mvua ilinyesha jioni ile? Ukishahakikisha hayo, ndipo ufikirie usugu na kubadilisha dawa. Na kubadilisha ni kubadilisha jamii ya dawa, si jina la chupa. Alfasaipamethrini, saipamethrini na deltamethrini ni jamii moja. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine hujahama kabisa. Amitrazi ni jamii nyingine. Soma kiambato kwenye lebo, na kama maandishi ni madogo mwambie kijana akusomee. Dawa za pamba na mboga msizitumie kwa mifugo hata kama muuzaji anasema ni ile ile.

Mkiwa na josho linalofanya kazi ndani ya mwendo wa saa moja au mbili, josho ni bora kuliko bomba, kwa sababu ng'ombe anazama na dawa inaingia hadi sikioni. Wape maji na wapumzike kwanza ili wasinywe dawa. Wale wa kwanza kumi na kitu warudishwe wapite mara ya pili, maana wakati wanapita dawa ilikuwa bado imetuama chini. Anayesimamia josho awe na daftari: ng'ombe wangapi wamepita, maji na dawa kiasi gani vimeongezwa. Josho lisilo na daftari baada ya miezi michache linakuwa bwawa la tope.

Sasa ratiba. Vimelea vya ndigana kali vilivyo ndani ya kupe haviko tayari anapouma. Vinakomaa siku kadhaa akiwa ananyonya, kwa kawaida kama 3 au 4, ndipo vinaingia kwa ng'ombe. Ndiyo maana wakati wa mvua tunasisitiza kila wiki bila kuruka, na kwa chotara wako, ambao ni wepesi kufa, mara mbili kwa wiki. Kosa ninaloliona sana Dodoma ni kuacha kabisa kiangazi kwa sababu kupe wakubwa hawaonekani. Kiangazi ndicho kipindi cha watoto na vijana wa kupe. Ni wadogo, unaweza kuwapita ukidhani ni uchafu, lakini hao wa Julai na Agosti wakinyonya damu ya ng'ombe mwenye vimelea, ndio watakaokuwa wapevu wenye ugonjwa mvua zikianza. Ogesha kila baada ya wiki mbili kiangazi, ng'ombe wote, na mbuzi wasiachwe, maana mbuzi ndio wanaoingia kila kichaka na kurudi na kupe wachanga.

Kwa ng'ombe wa kienyeji nina neno la tahadhari. Ndama wa Kigogo au wa Kisandawe anayezaliwa penye ndigana kali anapata ugonjwa kidogo kidogo na wengi hujijengea kinga. Ukianza kuogesha kwa ukali mwaka huu na mwakani ukaishiwa fedha ukaacha, utakuwa na ng'ombe wakubwa wasio na kinga mbele ya kupe wengi. Anza tu kile unachoweza kukiendeleza, au uunganishe na chanjo.

Chanjo ya ndigana kali ipo, na kwa mahali kama kwenu naipa uzito mkubwa. Ilianzia kwenye utafiti wa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa nchi yetu wameitumia kwa wingi. Ndama huchomwa vimelea hai vya ndigana kali na wakati huo huo oksitetrasaikilini ya muda mrefu inayozuia ugonjwa usimlemee. Huchanjwa mara moja tu, na kwa kawaida kinga ni ya maisha. Huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na ikishafunguliwa lazima itumike siku hiyo hiyo. Kwa hiyo peke yako na ndama 10 mtaalamu atasita kuja. Mkijiunga kaya kadhaa gharama inashuka na safari inakuwa na maana. Inachanjwa na aliyefundishwa tu, kwa mnyama mwenye afya. Na chanjo haikuondolei kuogesha: hailindi dhidi ya ndigana baridi, kukojoa damu wala moyo kujaa maji, magonjwa yanayoletwa na kupe wengine. Penye nyati wengi, mfano Kondoa upande wa Mkungunero unaopakana na Tarangire, kinga yake inaweza kuvunjwa, kwa kuwa vimelea vya nyati vina aina nyingi zaidi. Huko ndama wasipelekwe kabisa kwenye malisho na maji ya nyati.

Hilo linanileta kwenye OTC. Dalili ulizoeleza, tezi chini ya sikio, homa, kuhema, povu, zinaelekea ndigana kali. OTC inatibu ndigana baridi, inasaidia moyo kujaa maji ikiwahi, lakini ndama aliyekwisha kuugua ndigana kali haimponyi. Dawa yake ni buparvakwoni, na inafanya kazi ukiwahi: tezi zimevimba, joto limepanda kupita nyuzi 39.5, bado anakula kula. Povu likishatoka puani mapafu yamejaa maji na nafasi ni ndogo sana. Nunua kipimajoto, ndugu yangu. Kila ndama mwenye tezi iliyovimba apimwe siku hiyo hiyo, na afisa mifugo apigiwe simu kabla jua halijazama.

Kuhusu lambo: fyeka nyasi ndefu kuzunguka ukingo na kwenye njia ya kufikia maji, kwa sababu hapo ndipo kupe wa usiku wanapongojea ng'ombe wa mchana. Ndama wapelekewe maji bomani. Na maji ya kuoshea mabomba yasimwagwe karibu na lambo. Dawa za jamii ya pemethrini zinaua samaki na nyuki, nawe una majirani wenye mizinga. Amitrazi usimpulizie punda, inaweza kumfunga tumbo akafa. Wale ndege wenye mdomo mwekundu au wa njano wanaopanda migongoni mwa ng'ombe kula kupe, watoto wasiwapige manati. Dawa za zamani za aseniki ziliwapunguza sana sehemu nyingi za Afrika, na wako upande wako.

Watoto sasa. Ugonjwa wa Lyme usikunyime usingizi. Kupe wake ni wa misitu ya nchi za baridi, si wa Chemba. Lakini kuna ndugu yake wa karibu tunayeishi naye, homa ya papasi, inayosababishwa na Borrelia nyingine, na sehemu za Dodoma kama Mvumi zimeijua kwa miaka mingi. Papasi haletwi na swala wala ng'ombe. Anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za tembe, anatoka usiku, ananyonya kwa muda usiozidi nusu saa hivi na kurudi kujificha, hata asubuhi humkuti mwilini. Mtoto anapata homa kali siku chache, inakatika, kisha inarudi baada ya siku kadhaa. Akipimwa malaria ikakosekana na homa inarudi hivyo, mwambie mganga wa zahanati kwamba mnalala kwenye nyumba ya udongo na mnaomba damu iangaliwe kwa hadubini. Kwa mama mjamzito ni hatari zaidi, asisubiri. Sakafu ya saruji, nyufa kuzibwa na kitanda kuinuliwa mbali na ukuta vinapunguza papasi sana. Kupe wa malishoni nao waondolewe kwa kibano, karibu na ngozi, kwa kuvuta polepole, si kwa kuwaminya kwa vidole.

Kabla mvua hazijaanza, fanya jambo moja kwa ajili yangu. Chukua chupa ndogo tatu zenye spiriti. Ya kwanza weka kupe wa ndani ya sikio, ya pili wa chini ya mkia, ya tatu wa kiwele na kwapa, ukiandika kwa penseli tarehe, kitongoji na dawa mnayotumia. Ndama wa kwanza atakayevimba tezi, mwite afisa mifugo achukue majimaji ya tezi na tone la damu ya sikio kwenye vioo kabla hajamchoma dawa yoyote. Vyote vipelekwe maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Kanda ya Kati, Dodoma. Wakishatambua kupe wa aina gani na vimelea gani, tutajua kama mnahitaji jamii nyingine ya dawa, chanjo, au vyote viwili, na nitakusaidia kupanga ratiba ya kitongoji chako.